Jiwe Lililoishinda Nyundo

Siku yangu ya kwanza kazini niliipitisha nikiosha mawe. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne katika shule ya misheni kwetu Taita, na nilikuwa nimefika Garissa siku tatu tu kabla, nikiwa juu ya lori la idara ya maji ambalo dereva wake alikuwa baba yangu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba hakutaka nibaki peke yangu nyumbani, kwa hiyo akanileta mahali ambapo wafanyakazi wengine walikuwa wakiandika barua usiku na mchana kuomba wahamishwe. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya stoo ya idara. Ndani mlikuwa na meza mbili, mizani, chupa za tindikali na marobota ya mawe yaliyofungwa kwenye magunia. Mkuu wa chumba hicho tulimwita kwa cheo chake, Msimamizi. Alikuwa mzee mfupi wa Nyanza aliyejifunza kazi kwa kuwabebea Wazungu mikoba ya mawe, akaishia kujua mawe kuliko wao. Alihitaji mtu aliyesoma kemia. Katika Garissa nzima, aliyesoma kemia na hakuwa na kazi nilikuwa mimi.

Alinipa jiwe jeusi linalotosha kiganja.

"Hili ni gumu?"

Nilikuwa msichana mwenye haya ya kupindukia. Shuleni nilipita miaka minne bila kuinua mkono hata siku niliyojua jibu. Nikasema kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia vizuri kwamba ni gumu.

"Gumu mbele ya nini?"

Nikaligeuza jiwe mkononi.

"Usiniambie jiwe ni gumu, Binti Dereva. Kila jiwe ni gumu mbele ya kidole chako. Niambie ni gumu mbele ya nini. Nyundo? Maji? Chumvi? Hewa tu inayopita? Jiwe linaloishinda nyundo laweza kushindwa na mvua. Haya, osha."

Nikaosha hadi saa kumi. Mnaosoma haya leo mna mashine zinazomulika jiwe na kutoa majibu kwenye karatasi. Sisi tulikuwa na ndoo, brashi ya katani na macho. Jiwe lazima lioshwe kwanza, kwa sababu vumbi la Garissa huyafanya mawe yote yafanane, na kwa sababu ukiosha unalishika, na ukilishika unajua kama linaacha unga mkononi. Unga huo ndio mwanzo wa habari yote. Sisi tulisema jiwe "linaoza". Halinuki wala halina funza, lakini maji na hewa huingia ndani yake na kubadili madini yake kuwa kitu kingine, na siku moja unaligusa, unakuta umeshika udongo.

Msimamizi alinifundisha kwa vidole vyake. La kwanza ni jiwe la chokaa. Ukilidondoshea tone la tindikali linatoa povu na kuchemka kama soda. Mvua nayo ina asidi kidogo, kwa kuwa hubeba hewa ileile tunayoitoa puani, kwa hiyo chokaa huliwa polepole na kila wingu linalopita. Lakini katika nchi kavu mawingu ni machache, na ndiyo maana nyumba za mawe ya chokaa husimama Wajir miaka na miaka, wakati Kakamega zingekuwa zimelambwa. La pili ni jasi, ambalo halihitaji hata asidi. Maji matupu yanalimaliza kama sukari iliyosahaulika kwenye chai. La tatu ni graniti, pamoja na ndugu yake mwenye mistari anayepatikana kwenye vilima vya Ukasi, magharibi mwa mto Tana. Hilo ni familia ya watu watatu. Feldispa, mweupe au wa waridi, hugeuka udongo wa mfinyanzi. Ulanga, unaong'aa kama magamba ya samaki, hushika kutu. Kwatzi, unaofanana na kioo kichafu, haufanyi lolote. Unakaa. Mchanga wa Tana karibu wote ni kwatzi iliyobaki baada ya milima kufa.

La nne ni basalti, jiwe jeusi la volkano. Ni zito na zuri, nyundo ikilipiga inaruka. Lakini halina kwatzi. Lina chuma kingi, na ndani yake mna chembe za kijani kibichi kama kioo cha chupa, ziitwazo olivini.

"Sheria ni moja," Msimamizi aliniambia. "Kilichoganda kwanza, wakati moto ungali mkali kabisa, ndicho kinachokufa kwanza kikiletwa huku juu penye maji na baridi. Kilichoganda mwisho ndicho kinachodumu. Chukua mtu wa Lamu na mtu wa Nyeri, uwapeleke Limuru mwezi wa saba. Nani atakohoa kwanza?"

"Wa Lamu."

"Olivini ni wa Lamu. Kwatzi ni wa Nyeri. Umemaliza chuo kikuu, sasa fagia."

Kupima uozo huo kwa kungoja miaka hakuwezekani, kwa hiyo tulikuwa na mtihani wa chumvi. Unayeyusha chumvi ya haluli katika maji mpaka isiweze kuyeyuka zaidi, unatumbukiza mawe yakiwa kwenye kikapu cha waya, unayaacha usiku kucha, kisha unayakausha kwenye tanuri. Hiyo ni raundi moja. Unafanya raundi tano. Chumvi huingia kila ufa na kila mahali palipokwisha kugeuka udongo ndani ya jiwe, halafu inaganda, inavimba, inasukuma. Msimamizi alisema chumvi haileti ugonjwa, inautangaza tu. Chumvi hiyo ni ileile ya kuendesha tumbo. Tuliagiza kwa magunia kupitia zahanati, na mpimaji dawa akamwuliza Baba kama idara yetu nzima imefunga choo.

Kazi hiyo niliipenda. Sikuhitajika kusema na mtu. Lakini sikuwa na utulivu, na nitasema wazi kwa nini. Baba alikuwa barabarani. Magari yalitembea kwa msafara, lori la askari mbele na lingine nyuma, na barabara za Modogashe na Ijara zilikuwa zimeanza kutegwa mabomu. Wale waliopigana ili kaskazini ijitenge sisi wa ofisini tuliwaita shifta. Wenyewe hawakujiita hivyo, na wanawake wa Kisomali walioleta maziwa nyumbani kwetu walikuwa na watoto pande zote mbili. Nilikuwa na daftari nililoandika kila siku, kwa sababu ya kusema yalinishinda. Ninalo hata leo. Ukurasa mmoja unasema hivi:

"Leo Baba hajarudi. Siku ya nne. Nimepanga mawe kwa rangi, halafu kwa uzito, halafu kwa rangi tena. Msimamizi kaniuliza nafanya nini nikasema nasafisha. Mhandisi wa Maji kapita dirishani mara tatu. Anatembea kama mtu anayefukuzwa na mbwa ambaye wengine hatumwoni. Nafikiri anaogopa kama mimi, ila yeye ana mshahara."

Mhandisi wa Maji ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wote. Alikuwa kijana wa bara, amerudi kutoka ng'ambo karibuni, ameketi kwenye kiti cha Mzungu aliyeondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Hata akisoma barua alisoma akitembea.

Mwaka wa tatu wa vita serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi, ili wasiwape shifta chakula. Mtu akikutwa na mifugo nje ya mpaka wa kijiji alihesabiwa adui. Watu waliokuwa wakifuata mvua maisha yao yote waliambiwa wakae mahali pamoja, pamoja na wanyama wao, na maji yawafuate wao. Kimojawapo cha vijiji hivyo kilikuwa kaskazini kwetu, kwenye njia ya Modogashe. Visima vya zamani vilikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka. Pale kijijini palikuwa na birika la kunyweshea tu, lililojengwa kando ya bwawa la mvua ambalo lilikuwa limekwisha kukauka. Idara yetu ikaamriwa kuchimba kisima.

Kuchimba hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ukuta. Udongo wa kule unaporomoka, kwa hiyo kisima cha futi arobaini lazima kijengwe mawe kuanzia chini hadi juu, na watu hushuka ndani yake kila siku kusimama kwenye vidato na kupitishiana ndoo. Saruji yote ilikuwa ikienda kwenye kambi za askari, na hata ingekuwapo, maji ya chumvi ya kule huila. Mhandisi akakumbuka lundo la basalti lililochimbwa upande wa magharibi kwa ajili ya barabara. Malori ya jeshi yalirudi kutoka huko yakiwa matupu. Ilikuwa kama zawadi.

Mawe sita ya mfano yaliletwa maabara. Msimamizi aliyatazama, akalamba moja, akakunja uso. Lakini juma hilohilo ugonjwa wa manjano ulimshika, macho yakawa kama kiini cha yai, akapelekwa Nairobi na hakurudi Garissa tena. Kabla ya kupanda gari aliniambia, "Fanya raundi zote tano. Usikubali kuharakishwa."

Raundi ya kwanza mawe yalitoka mazima. Ya pili, mazima. Ya tatu nilipokiinua kikapu nilisikia kitu kikianguka ndani ya ndoo. Mawe mawili yalikuwa yamepasuka. Ndani hayakuwa meusi. Yalikuwa na mishipa ya udongo wa kahawia, laini kama sabuni, mahali ambapo olivini ilikuwa imekufa zamani. Raundi ya nne manne yalikuwa yamevunjika. Niliandika namba zote kwenye daftari langu, kwa kuwa fomu zilikuwa zimefungiwa kwa Mhandisi.

Mhandisi alikuja na fomu mkononi, akitembea.

"Mghoi, yale mawe tayari?"

"Bado raundi moja, bwana."

"Malori yanaondoka kesho. Nimeyapiga mwenyewe kwa nyundo ya pauni kumi na mbili. Yameikataa nyundo."

"Chumvi, bwana..."

"Chumvi imefanyaje?"

Hapo ndipo ningesema. Kikapu kilikuwa pale, futi mbili kutoka kwenye kiatu chake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole.

"Sikiliza," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama. "Kuna watu kule wanapewa maji kwa lori, debe kwa debe, na wanyama wao hawapewi hata tone. Bwana Mkuu wa Wilaya ananipigia simu kila asubuhi. Watu wana kiu leo. Wewe unataka kuniambia habari za chumvi ya kuharisha?"

Nikachukua kalamu. Mahali palipoandikwa "Matokeo" nikaandika "Linafaa". Nikatia sahihi jina langu lote, vizuri, kama tulivyofundishwa na masista.

Siku zilizofuata sikuweza kula nikiwa nimekaa. Nilimaliza raundi ya tano peke yangu, bila kuambiwa na mtu. Jiwe moja tu kati ya sita ndilo lililobaki zima. Daftari linasema: "Nimeandika uongo na mwandiko wangu ni mzuri. Wanaume watashuka mle. Labda miaka miwili, labda mitano, halafu jiwe moja litaoza na kuliachia la juu yake. Nitakuwa wapi siku hiyo? Nitakuwa nimeolewa huko Wundanyi napika. Niende nikamwambie. Nimeenda hadi mlangoni kwake, nikamwuliza kama ana karatasi nyeusi ya kunakilia. Akanipa. Sikuwa naihitaji."

Baba aliniona. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mawe yale, safari baada ya safari. Jioni moja akiwa anafunga mizigo aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia mawe anayobeba ni mabovu. Hakuacha kufunga kamba.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi ni dereva, mwanangu. Kesho Mhandisi anakwenda kukagua. Nafasi iko juu ya lori. Ukitaka, panda. Usipotaka, usiniambie tena maneno hayo, maana mimi ndiye ninayeshika usukani."

Nilipanda. Sikumbuki njia, ila nakumbuka kwamba nilikaa juu ya mawe yenyewe kutwa nzima, nikiyachukia moja moja.

Kijiji kilikuwa mikeka na matawi yaliyoinamishwa, mamia ya nyumba zilizosongamana mahali ambapo nyumba kama hizo huwa zimetawanyika. Seng'enge kuzunguka. Mbuzi walikuwa wamelala kwenye kivuli cha nyumba na hawakuinuka tulipopita. Nilipelekwa kupumzika kwa mwanamke aliyeitwa Mama Shukri, kwa kuwa msichana hangekaa na askari. Alinipa chai yenye maziwa kidogo sana, na nilijua ni kidogo kwa sababu ndiyo yote aliyokuwa nayo. Mbuzi wake kumi na wanne walikuwa nje, na aliwataja kwa majina wakati akinimiminia.

"Kisima yenu inakwisha lini?" aliuliza.

"Wiki moja," nikasema. Nilikuwa nimesikia Mhandisi akisema hivyo.

"Wiki moja watafika," alisema, akiwatazama mbuzi. "Wiki moja, inshallah, watafika wote."

Fundi wa kisima alikuwa Mzee Gedi, mtu mrefu, mkavu, ambaye baba yake na babu yake walichimba visima hadi upande wa Wajir. Ukuta ulikuwa umefika nusu. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo akilitazama jiwe kana kwamba linamdai jibu. Aliposikia ninatoka maabara ya Garissa alinyanyuka.

"Wewe ndiyo karatasi?" aliuliza. Alisema "b" mahali pa "p" nyingi, kama wengi wa kule, na sitajaribu kuandika yote.

"Karatasi gani, mzee?"

"Mimi nasema hii jiwe nakufa. Nyapara nasema hapana, iko karatasi natoka Garissa, inasema inafaa. Kila siku mimi nasema, kila siku yeye naonyesha mimi karatasi. Njoo, binti."

Akanipeleka kwenye lile birika la kunyweshea, lile la bwawa lililokauka. Wao huliita dar. Lilikuwa limejengwa kwa udongo na mawe ya kila aina, yaliyookotwa na watu wa vizazi vingi, kila mtu alicholeta. Miaka mingi maji ya bwawa, yenye chumvi ya udongo wa kule, yalimwagika juu yake, jua likakausha, ngamia wakakojoa, maji yakamwagika tena. Mzee Gedi akapita akiyagusa kwa fimbo.

"Hii nyeupe, babu yangu naweka. Iko." Ilikuwa kwatzi. "Hii ya mistari, iko." Fimbo ikagonga, ikalia. Kisha akafika mahali palipokuwa na shimo la kahawia ukutani, akachoma fimbo, ikaingia kama kwenye ugali. "Hapa ilikuwa nyeusi. Natoka huko magharibi, pale pale nyinyi natoa. Mtu alileta kwa ngamia mimi nikiwa kijana, sisi nasema, ah, jiwe ngumu kweli. Wewe nabiga nyundo. Mimi naangalia dar."

Niliushika ule udongo. Ulikuwa laini kama sabuni.

Nataka vijana waelewe jambo hili. Mzee huyo hakuwa amesoma olivini wala feldispa, lakini alikuwa na mtihani wa chumvi uliokwenda raundi elfu, na majibu yake yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kutazama. Kilichomshinda kilikuwa karatasi moja yenye mwandiko mzuri.

Mhandisi alikuwa upande wa pili wa kisima akizungumza na nyapara, huku akienda na kurudi. Nilimwendea. Watu walikuwa wengi, askari, wachimbaji, wanawake wenye madebe. Nilifungua mdomo na haikutoka sauti. Hii si namna ya kusema. Haikutoka kabisa. Basi nikatoa daftari kwenye mfuko wa gauni, nikalifungua palipokuwa na raundi, nikampa.

Alisoma akitembea. Halafu akasimama. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mjinga kiasi cha kumpa daftari zima, akafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Alisoma kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi nafukuzwa na mbwa," alisema.

Baba, aliyekuwa ameegemea lori, aliangalia chini.

Mhandisi akatoa ile fomu kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya daftari. "Sahihi hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Na huu mwandiko wa daftari ni wako?"

"Ndiyo, bwana."

"Nikuamini wapi?"

Sauti ikaja, sijui kutoka wapi. "Kwenye daftari. Kwenye fomu nilikuwa nakuogopa wewe. Kwenye daftari sikuwa namwogopa mtu."

Mzee Gedi hakuelewa maneno yote, lakini alielewa mambo yalivyokuwa. Alimshika Mhandisi mkono, jambo ambalo hakuna mwingine pale angethubutu, akampeleka kwenye dar na kumpa fimbo achome mwenyewe. Mhandisi alichoma mara mbili. Alitoa kisu cha mfukoni akakwangua. Akakaa chini, juu ya vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa nje ya ofisi.

"Mawe ya Ukasi," alisema baadaye, kama anayejisemea. "Msafara wa kwenda, kupasua, msafara wa kurudi. Na hii yote iliyojengwa ing'olewe. Wiki nne." Akaniangalia. "Ungeniambia siku ile pale mlangoni, zingekuwa wiki mbili tu zaidi. Umenielewa? Wangesubiri, lakini si hivi."

"Nimeelewa."

"Na mimi nilipaswa kukuuliza," alisema. "Kikapu nilikiona."

Hilo sikulitarajia, na sijawahi kulisahau. Alikiona.

Mzee Gedi alishuka mwenyewe siku ileile kuyang'oa mawe. Hakumruhusu mwingine, kwa kuwa ukuta uliojengwa nusu ukianza kutolewa huwa na hila. Kila jiwe lilipotoka juu, wanawake walilitazama. Mama Shukri aliuliza kilichotokea, mtu akamweleza kwa Kisomali, naye akainua debe lake akaenda.

Wiki nne hazikuwa nne, zilikuwa tano, kwa sababu msafara mmoja ulizuiwa darajani Garissa. Kisima kikamalizwa kwa mawe yenye mistari. Mhandisi aliandika barua mbili za onyo: moja juu yangu, ya pili juu yake mwenyewe, kwa wakubwa wa Nairobi. Zote mbili nilizipiga chapa mimi. Miezi michache baadaye alihamishwa, na sikuwahi kusikia tena habari zake.

Mimi niliendelea. Nilipelekwa Machakos chini ya Mkaguzi wa Barabara, mtu aliyependa graniti kuliko watu, kisha Nakuru, ambako nilikutana na basalti nyingine, mbichi na nzima, iliyonilazimisha kukiri kwamba jiwe halihukumiwi kwa ukoo wake. Baadaye makao makuu, chini ya Mkemia Mkuu, aliyenifundisha kutazama jiwe lililokatwa jembamba kama karatasi chini ya darubini, nikaona kwa macho yangu olivini ikiwa imezungukwa na kutu, kama kisiwa kinacholiwa na maji. Nilistaafu nikiwa mkuu wa maabara. Haya yangu haikunitoka. Nilijifunza tu kuwatangulia watu kwa maandishi: matokeo yangu yote niliyaandika kwa wino, mara tu yalipopatikana, katika kitabu kilichokaa wazi mezani, ili yeyote ayaone kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Vijana huniuliza ni jiwe lipi lililo bora. Hujibu kwamba inategemea litakaa wapi na litakutana na nini, nao hukasirika, maana wanataka orodha. Orodha ipo vitabuni na ni ya kweli. Kwatzi mwisho, olivini kwanza. Lakini orodha haikuambii nani anangoja karibu na shimo wakati wewe unapima. Kuharakisha kuna bei yake, na kusema kweli ukiwa umechelewa kuna bei nyingine, na sijawahi kupata mizani ya kuzilinganisha.

Kile kijiji nilirudi mara moja tu, vita vilipokuwa vimekwisha na seng'enge imeondolewa. Nilitumwa kuchukua sampuli za maji. Nilishuka futi kadhaa nikaupapasa ukuta. Haukuacha unga mkononi. Nilipopanda, Mama Shukri alikuwa pale akijaza mtungi. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati, nikanywa, yalikuwa na chumvi kidogo na baridi nzuri. Nilitafuta la kusema, na kwa kuwa sikuwa hodari wa kusema, nikasema kwamba kisima ni kizuri.

"Kisima nzuri," alikubali. "Na mbuzi yangu, hiyo nayo ilikuwa nzuri. Ilibaki tatu."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akakijaza tena, akanipa.